Siku Nilipobeba Kishonanguo Ukumbini

Aibu niliyoipata Iringa, jamani, siwezi kuisimulia bila kujishika kichwa, na bado nikiikumbuka nacheka peke yangu kama chizi.

Nilikuwa nasoma shahada ya pili ya hesabu, naandika milinganyo ya jinsi seli za kinga mwilini zinavyoshikana: moja inakutana na nyingine, zinanasana kwa vikulabu vidogo vidogo, kila kimoja dhaifu, ila vikiwa vingi haziachani kirahisi. Siku ya kuitetea kazi yangu mama alipanda basi kutoka Uyole aje kunisikiliza, yeye aliyekuwa akiwatambia wenzake sokoni kwamba mwanawe anasoma "hesabu za kuumwa" bila kujua ni kitu gani, nami nilitaka aelewe kuliko nilivyotaka kufaulu (haya, karibu sawa na kufaulu). Ndipo nikapata akili mbovu ya kwenda asubuhi mashambani Kalenga kuchuma kishonanguo, zile mbegu nyeusi zinazoganda kwenye nguo, nimwonyeshe seli kwa macho, nikazijaza kwenye mfuko wa karatasi na kuuficha ndani ya sweta la sufu alilonifumia mwenyewe.

Mfuko ukapasuka, mbegu zikatokeza nje ya sweta, mimi sina habari. Mwenyekiti wa jopo, mama mtu mzima wa Kihehe aliyejifunga shali la sufu kwa ile baridi, hakuwa mtu wa salamu za mkono tu. "Kamwene!" akanikumbatia, bega hili na bega lile. Sasa kuachana! Nikivuta, shali linakuja, akivuta yeye, sweta linafumuka, na ukumbi mzima umeshika mbavu.

"Kijana, niachie!"

"Siyo mimi, mama, ni seli!" (Ndiyo, nilisema hivyo.)

Mama yangu akainuka kule nyuma, akaja mbele. "Acha kuvuta, wewe!" Akaanza kuzitoa moja moja, kama alivyonifanyia utotoni nikitoka shule kwa njia ya mashambani, mpaka makalioni, mbele ya wasomi wote, nami nikaeleza milinganyo yangu nimeinua mikono juu. Ile tuliyodhani ya mwisho akaigeuzageuza kiganjani.

"Kumbe ndivyo zinavyoshikana humu ndani yetu?"

"Ndivyo, mama."

"Haya, endelea, baba. Nimekuelewa."

Nilifaulu. Mama hayupo tena. Kishonanguo sitakiingiza ukumbini mpaka nazikwa, ila kwapani mwa lile sweta imebaki mbegu moja aliyoisahau, na hiyo siitoi.