Ukuta Wenye Homa

"Kabati litakaa hapo hapo," alisema mdogo wangu, amelikumbatia kabati la vyombo pale jikoni kama mtu anayemzuia mgeni asiondoke. "Mnunuzi hanunui nyuma ya kabati."

"Ananunua nyumba nzima, baba watoto, na mwanawe anatambaa," mkewe akajibu. Wifi yangu huyo alikuwa ameketi, magoti yake mabovu ameyanyoosha mbele. "Tuite fundi."

"Fundi yupi?"

"Unamjua."

"Mtaje."

"Mtaje wewe, ndiye unayemuota."

Mimi niliwekwa katikati yao, nimeitwa niamue. Wenye akili hawamwiti dada wa mume kuamua ugomvi wa ndoa, maana huja na kuni zake. Nilikuwa nazo.

Mdogo wangu ni fundi cherehani. Tunamwita Kifungo kwa sababu ni mfupi, ni mviringo, na akishika kitu hakiachii. Huyu aliota wivu kabla ya kuota meno. Mama akimbeba mtoto wa jirani, yeye alilia mpaka maziwa yakaganda jikoni. Msicheke, nilikuwepo, niliyala kwa kijiko. Alipooa ndiyo akazidi. Wifi aliwahi kusema jogoo wa jirani ana sauti nzuri. Kifungo hakumsalimia jogoo yule mpaka siku alipochinjwa, na siku hiyo aliomba paja.

Sasa, aliyekuwa akimuota ni fundi umeme mmoja, jina lake la mtaani Nguzo. Mrefu huyo, mvua humlowesha yeye kwanza, sisi tukapata baadaye. Ndiye aliyemposa wifi kabla ya Kifungo. Baba yake wifi akamkataa, akasema taa huwekwa mara moja lakini nguo huchanika kila siku, kwa hiyo binti yangu atakula kwa fundi cherehani. Basi.

Walipojenga nyumba hii hapa juu ya ngazi, fundi umeme mwingine hakuwepo karibu. Kifungo akameza, Nguzo akapitisha nyaya. Siku umeme ulipokuja, wifi alibonyeza swichi ya jikoni, akaitazama taa, akatabasamu. "Kafanya kazi nzuri," akasema. Ni hayo tu, lakini mdogo wangu alikuja kwangu uso umemvimba kama maandazi. "Dada, mke wangu kila jioni anawashiwa taa na mwanamume mwingine."

Haukupita muda, akazing'oa nyaya za Nguzo akaweka zake. Na mshonaji anaungaje nyaya? Kama anavyounga mkono wa shati. Kila kiungo alikivisha kitambaa cha bitana, kile cha ndani ya nguo, akakipiga mshono wa kurudia, akakata uzi kwa meno. Ukumbini alitumia bitana ya kuteleza, jikoni ya pamba. Hakuna nyumba yenye nyaya zilizovaa vizuri hivyo.

Ila zilikuwa na tabia mbaya. Bomba la jikoni lilikusalimia kabla hujalifungua. Panya walihama na ndevu zao zimejikunja. Mimi nilishika mlango wa friji mara moja tu, nywele zikasimama na hadi leo hazijaketi. Mnadhani kilemba hiki nakivalia nini? Harufu ya kitambaa kuungua ilipozidi, Kifungo alitia mkaa kwenye pasi, akapiga pasi hata nguo zilizokwisha pigwa, ili mgeni adhani ni pasi.

Na kisasi chake hakikuishia ukutani. Nguzo alipokwenda kwake kushonewa suruali ya kazi, mdogo wangu alimkatia mguu mmoja mfupi. Mtaa mzima ukasema nguzo imezama upande.

Tungeishi hivyo mpaka tuungue, lakini ngazi zimemshinda wifi. Binti yao amewapatia nyumba ya chini karibu na kwake, na hii wanaiuza. Mnunuzi ni muuguzi. Alipenda dirisha, alipenda varanda, kisha akaweka kiganja chake ukutani pale kando ya kabati, akatulia kama anayepima mgonjwa.

"Ukuta huu una homa," akasema. "Mwiteni fundi aufungue. Nikirudi nataka nimsikie yeye, la sivyo sinunui."

Ndipo Kifungo akalisogeza kabati mpaka likapaziba pale penye homa.

"Nitamwambia ni jua," alisema sasa.

"Jua linaingia nyuma ya kabati?" nikauliza.

"Dada, wewe uko upande gani?"

"Upande wa mlango. Moto ukiwaka, nitatoka wa kwanza."

Wifi hakucheka. "Mtoto yule anatia vidole kila tundu. Siku akiungua, utamshonea nini?"

Kifungo akatazama chini. "Mwite fundi mwingine."

"Wamekuja wawili ukiwa kazini. Wa kwanza alifungua swichi, akakuta bitana, akaifunga, akaaga. Wa pili aliniuliza kama nyumba ina majini. Wote wanasema aje aliyeanza kazi, anayejua nyaya zimepitishwa wapi ukutani."

"Ulimtabasamia," mdogo wangu akasema, polepole.

"Nani?"

"Siku ile. Taa yake."

Wifi alimtazama mpaka mimi nikaona aibu kuwepo, ingawa sikuondoka. "Nilikuwa nimetoka kupika kwa mwanga wa kibatari, moshi machoni. Siku ile niliiona chumvi kabla sijaitia. Hata shetani angeniwashia, ningetabasamu." Akainua mguu mmoja, akamwonyesha kandambili yake ya mpira. "Na taa zako wewe? Naziwasha kwa mwiko, kandambili miguuni, tangu ulipozifunga. Umewahi kunisikia nikimwambia mtu? Mwanamke anayetamani mwingine angekaa kwenye nyumba inayomchapa?"

Kifungo alilizunguka kabati, akaliweka bega, akalisukuma mwenyewe mpaka vikombe vikalia. Nyuma yake ukuta ulikuwa mweusi, na kwenye kiungo kimoja kipande cha bitana ya zambarau kilikuwa kimekunjamana kama jani kavu.

"Hiyo ni ya gauni langu la harusi," wifi akasema.

"Ilibaki kidogo. Nilitaka jikoni pawe na kitu changu."

Kifungo akavuta pumzi. "Haya. Aje. Ana mke siku hizi?"

"Alifiwa," nikasema, maana kuni zangu zilikuwa hazijaisha.

"Basi asije."

"Nimeshamwita," wifi akasema, "na ukimwambia neno moja la—"

Mwanga wa mlangoni ukazibwa. Nguzo aliinama ndani, mfuko wa vifaa begani, nywele nyeupe zikigusa kizingiti cha juu. Alikuwa amevaa ile suruali. Mguu mmoja ulifika kwenye kiatu, wa pili uliishia juu ya kifundo.

"Hodi," akasema. "Swichi kubwa ya kuzimia iko pale pale nilipoiacha?"

Kifungo alikuwa akitazama mguu mfupi, na mkono wake ulikuwa umekwishaingia mfukoni kutafuta utepe wa kupimia.