Chai Nzito ya Mzee Mburu

Mugure ni msusi hapo Bahati, na mdomo wake hauna breki. Ukikaa kwa kiti chake na nywele za mbele zimeisha, atakuambia zimehama bila kuacha namba ya simu. Lakini mwaka jana neno lililomtoka sana lilikuwa moja tu: nzito.

Babake, mzee Mburu, alipatwa na kiharusi. Mkono wa kulia ukalala, koo nayo ikasahau kazi. Siku ya kutoka hospitali, nesi Immaculate alimwita Mugure kando, kikombe cha uji na kijiko mkononi.

"Maji, chai, supu, kila kitu iwe nzito. Kitu nyepesi inakimbia kushinda koo yake, inaingia kwa mapafu. Hapo tutampoteza."

"Nzito kama uji ya nani? Ya mamangu ulikuwa unakata na kisu."

Nesi akacheka, akainamisha kijiko. Uji ukashuka polepole, kama mtoto hataki kuenda shule. "Hivi. Ikitiririka, rudisha motoni."

Basi Mugure akawa polisi wa vikombe. Kila asubuhi anapika chai na unga kidogo, anainamisha kijiko, anaangalia. Mzee alikuwa mtu wa vikombe vitano kabla ng'ombe akamuliwe. Sasa anaangalia hiyo kitu, anaangalia binti yake.

"Hii ni... chai... ama rangi ya nyumba?"

"Ni rangi. Kunywa tupake ndani."

Alicheka, akameza, hakukohoa. Miezi saba ikaenda hivyo.

Jumamosi moja tata Wawira, dadake mzee, akaja na akina mama wa kanisa. Tata alikuwa ameelezwa hayo mambo ya nzito mara tatu, na mara zote aliitikia vile watu huitikia mtoto. Mugure akatoka kuomba viti kwa jirani. Kurudi, anapata mzee ameshikilia kikombe na mkono wa kushoto, anamalizia. Chai ya maziwa, nyepesi, moto. Machozi yanamtoka.

"Hii... ndiyo chai."

"Si umeona?" tata akasema. "Mtu mzima mnamnywesha gundi kama kiatu. Ndugu yangu alikuwa anakufa na kiu hapa."

Kisha mzee akaanza kukohoa.

Siku ya tatu mwili ulikuwa unachoma, akarudishwa hospitali. Siku ya sita, saa nane mchana, akakata roho wodini. Daktari alimwambia Mugure bila kuzunguka: ile chai ilishuka mahali sipo.

Tata alikuwa kwa benchi huko nje, leso imelowa chapa. "Amesema ni nini?"

Mugure akakaa kando yake. Akaangalia hiyo mikono ya mama mzee, ile iliyomimina ile chai.

"Mapafu, tata."

"Ni hii baridi ya kwetu. Si niliwaambia mumfunike?"

"Eeh, tata," Mugure akasema. "Ni baridi."