Vitasa Arobaini vya Bi Kutu

Kitu kilichotoka kwenye dawa hakipakwi vanishi kabla hakijalala siku mbili kwenye kichanja. Sheria hiyo haikuandikwa popote, maana karakana ilikuwa ya watu wawili tu, Bi Kutu na kaka yake mkubwa, na wote waliijua.

Jina la Bi Kutu alipewa na fundi cherehani wa mlango wa pili. "Wenzako wanasafisha vyuma, wewe unavichafua halafu unalipwa," alimwambia siku moja, na jina likamganda. Kaka alichukua vitasa, vishikio vya kabati na koki za maji, vyote vya zinki, akavizamisha kwenye tangi la umeme vikatoka na ngozi nyembamba ya shaba. Bi Kutu akavitia kwenye dawa inayonuka kama mayai viza hadi vikawa vyeusi tii, akaviosha, kisha akasugua kwa waya laini zile sehemu tu ambazo kiganja cha mtu kingezigusa miaka nenda miaka rudi. Anayeanza kazi hii husugua kila mahali, na kitasa kikaonekana kimekwaruzwa, si kimezeeka. Yeye alikishika kwanza akiwa amefumba macho, kama anayefungua mlango gizani, apate kujua vidole vinatua wapi. Mwisho vanishi.

Siku mbili za kusubiri zilikuwa na sababu. Ngozi ile ya shaba ina vitundu visivyoonekana, na dawa hujificha humo hata ukiosha mara tano. Ukipaka vanishi mapema, umeifungia ndani.

Basi mwenye nyumba ya wageni akaagiza vitasa arobaini, na kaka, bila kuuliza, akamwahidi Alhamisi. Jumatano asubuhi ndiyo kwanza vilikuwa vimeoshwa.

"Vimekauka hivyo," kaka alisema. "Unasubiri vitage?"

"Nasubiri Ijumaa."

"Mdogo wangu, nimeshatoa neno. Unataka nionekane mwongo?"

Kaka huyo ndiye aliyemlea. Bi Kutu alichukua brashi, akapaka. Wapo watakaosema alilazimishwa. Hakulazimishwa, mkono ulioshika brashi ulikuwa wake.

Wiki tatu baadaye, kitasa kimoja cha ziada alichokibakiza rafuni kama mfano kilitoa madoa, vijiduara vya kijani chini ya vanishi. Alikitazama, akavua aproni, akaenda nyumba ya wageni. Alipita mlango kwa mlango. Madoa yalikuwa kila mahali.

Mwenye nyumba alimkuta koridoni. "Karibu, mama. Umekuja kuona maajabu yako? Vimeanza kuzeeka vyenyewe. Wageni wanavipiga picha."

"Huo si uzee. Ni ugonjwa."

"Ugonjwa mzuri namna hii?"

"Mzuri leo. Dawa imebaki ndani, inakula shaba. Mwaka hauishi itaanza kubanduka. Nilipaka kabla ya wakati wake. Nipe nivirudie, hutalipa kitu."

Yule bwana alicheka, akaona anacheka peke yake. Wakakubaliana avichukue kumi kumi, wageni wasilale vyumba visivyo na vitasa.

Kaka alipoona kumi vya kwanza mezani, aliweka chini kikombe chake cha chai. "Mteja anakushukuru, wewe unamwomba radhi. Uko sawa kweli?"

"Vitabanduka, kaka."

"Vikibanduka atasema ni vya kale. Kazi yetu yote ni kudanganya macho, leo ndiyo umeukumbuka ukweli?"

"Macho tunayadanganya kwa ruhusa yake. Anajua kitasa ni kipya, na ametuomba tukizeeshe. Hakutuomba tumpe kinachooza."

"Na kosa utasema ni la nani?"

"Nimeshasema. Langu."

"Watu watajua nani aliahidi Alhamisi."

Hapo ndipo palipomuuma kaka, na hakutaka kusikia zaidi. Bi Kutu alitoa vanishi kwa thina, akachemsha vitasa kwenye maji ya magadi, akavisuuza, akavilaza. Siku ya tatu alivipaka upya. Akaenda kuchukua kumi vingine. Mikono ilimchubuka hadi akawa anashika kijiko kwa ncha za vidole. Vitasa tisa vilikuwa vimeliwa hadi zinki, navyo vilihitaji kurudi tangini.

"Tangi langu haliingii kwenye toba yako," kaka alisema.

Bi Kutu alivifunga kwenye gazeti akavipeleka kwa fundi mwingine wa shaba, mshindani wao wa siku zote. Fundi akauliza imekuwaje, naye akamweleza bila kupunguza. Kabla ya wiki kwisha habari ilikuwa imezunguka kwa mafundi wote, na kaka akachekwa dukani alikonunua kemikali. Jumatatu alikuja na mkokoteni, akapakia tangi na mashine yake ya umeme. Wifi yake Bi Kutu, mke wa kaka, alisimama mlangoni akisema jamani, jamani, mpaka mkokoteni ukaondoka.

Vitasa arobaini vilirudi milangoni, na havijatoa doa. Bi Kutu sasa huwalipa watu wengine kwa kazi ya tangi. Wateja wengi walimfuata kaka. Ndugu hao wawili hawajazungumza kwa miaka minne.