Mwanamke Mwingine Mwenye Uso wa Nyakerario

Nyakerario alikuwa fundi wa nguo pale Sironga, karibu na mji wa Nyamira. Alishona sare za shule, magauni ya harusi na ya kwaya ya Waadventista, na kila kazi iliyompendeza aliipiga picha akaiweka kwenye ukurasa wake mtandaoni. Wateja walimjia hata kutoka Kenyenya. Baada ya nguo zikafuata picha za nyumbani: watoto wakienda kanisani, mumewe Makori akiwa na kapu la majani chai mgongoni, mamake akiwa kitandani hospitalini, halafu jeneza la mamake kando ya migomba. Watu zaidi ya mia tatu walimwandikia pole. Alizisoma zote, akafarijika.

Jumatano moja asubuhi, mwanamume mwenye koti la kijivu alisimama mlangoni pa kibanda chake, akitabasamu kama mtu aliyefika kwake.

“Bwakire, Nyakerario,” alimwamkia kwa Ekegusii. “Nimeona nisingoje Desemba.”

“Bwakire. Karibu. Ni suti au shati?”

Mwanamume alimtazama. “Ni mimi. Nyangate. Wa Kitale.”

“Samahani, ndugu yangu. Sikukumbuki.”

Nyangate aliketi kwenye benchi bila kukaribishwa. Alikuwa mwalimu, mke wake alikuwa amefariki miaka minne iliyopita, na kwa mwaka mmoja na nusu alikuwa akiandikiana kila siku mtandaoni na mjane aitwaye Nyakerario, fundi wa nguo. Sauti yake hakuwahi kuisikia. Kila alipotaka kupiga, mwanamke huyo alisema simu yake imeharibika. Nyangate alikuwa ameshawaambia wazee wa kwao wajiandae kwa mahari ya Desemba.

Alimpa simu asome.

Nyakerario aliona uso wake, watoto wake, jeneza la mamake. Chini ya jeneza palikuwa na maneno ambayo hakuyaandika yeye: *Sasa nimebaki na wewe tu.* Alizidi kusoma mpaka akafika kwenye picha ya Makori na kapu lake. *Huyu ndiye marehemu wangu. Alikuwa mtu mpole.*

Alimpigia Makori simu, akasikia sauti yake ikiuliza, “Kuna nini?”

“Njoo,” alisema. “Njoo tu.”

Nyangate alikuwa amejiinamia. “Kwa hiyo yote ni uongo,” alisema. “Hata yule mtoto? Yule wa kike aliyezaliwa akiwa hapumui, ukamwita Cynthia?”

Mtoto huyo Nyakerario hakuwahi kumweka mtandaoni kwa picha wala kwa neno. Hata Makori hakujua kwamba alikuwa amempa jina. Alilitaja mara moja tu, kwenye kundi la simu la akina mama wa kanisa, siku mmoja wao alipopoteza mimba na yeye akataka kumfariji. Kundi hilo lilikuwa na wanawake arobaini na mmoja. Aliwajua wote kwa sura.

Makori alifika vidole vikiwa vyeusi kwa utomvu wa chai. Alisoma habari za kifo chake akiwa amesimama, kisha akamrudishia mgeni simu.

“Ndugu yangu, sikujua,” Nyangate alisema.

“Naona hukujua.”

Walikwenda wote watatu kituo cha polisi. Afisa aliandika maelezo yao kitabuni, hata habari ya Cynthia na kundi la akina mama, na kuwaonyesha jinsi ya kuripoti ukurasa ule wa uongo. Nyangate alirudi Kitale siku hiyo hiyo. Siku ya tisa ukurasa ulitoweka. Aliyeufungua hakujulikana.

Makori hakumshuku mkewe. Lakini Sabato moja, wakiwa wanatoka kanisani, aliuliza bila kumtazama, “Cynthia. Kwa nini uliwaambia wanawake wa kundi, mimi hukuniambia?”

“Wazee walikuwa wamekukataza kumwona. Niliona nisikuongezee uchungu.”

“Bora ungeniongezea,” Makori alisema. “Alikuwa wangu pia.”

Nyakerario aliandika kwenye kundi akieleza yote, akimwomba anayejua lolote aseme. Kwa siku mbili hakuna aliyejibu. Nyamusi, mwenyekiti wa kundi, alimpigia akauliza, “Kwa hivyo unatushuku?” Wanawake watatu walijiondoa kwenye kundi. Huenda walikasirika, huenda mmoja wao ndiye. Mwishowe Nyakerario naye akajiondoa, akafuta ukurasa wake wenye picha za miaka sita.

Lakini kazi ni ile ile, na wanawake wale wale ndio wateja wake. Kila anapopitisha futi kiunoni mwa mmoja wao, huwa karibu naye kiasi cha kusikia pumzi zake, na hujikuta akiwaza: je, ni wewe uliyemzika mume wangu? Ni wewe uliyemlilia mama yangu kwa jina langu?

Mwezi uliopita Nyamusi alikuja kushonewa gauni la harusi ya mwanawe. Alisimama mbele ya kioo, akamtazama Nyakerario ndani ya kioo hicho.

“Siku hizi umekuwa mkimya sana,” alisema.

“Nyosha mikono, dada,” Nyakerario alimjibu. “Nipime mabega.”