Jicho la Ndege

Mwanzoni mwa miaka ya sabini, baada ya mimi na kiwanda kimoja cha Tyseley, Birmingham, kuchokana, nilipata kazi ya kupiga msasa kwa mchongaji wa Kigiriki. Karakana yake ilikuwa Digbeth, nyuma ya stendi ya mabasi. Sikuingia kutafuta kazi. Niliingia kwa sababu mlango ulikuwa wazi na ndani kulinukia mbao. Shule niliiacha mapema, lakini mlango ulio wazi hadi leo siwezi kuupita.

"Unatoka wapi?" mzee aliniuliza.

"Unguja."

"Kisiwani, kama mimi. Mnachonga?"

Nikamweleza milango yetu ya nakshi, na misumari ya shaba ambayo watu husema ni ya kuzuia tembo.

"Umewahi kumwona tembo huko?"

"Hata siku moja, mzee."

"Basi misumari yenu ni mizuri sana," akasema, akanitupia msasa.

Kwao kazi ile ilishuka kutoka kwa babu hadi baba hadi kwake, na ilishuka na sharti lake. Mwanafunzi alichonga mizabibu, majani, hata ndege na manyoya yake yote, isipokuwa jicho. Jicho lilifunguliwa na mkubwa wa ukoo peke yake, kwa patasi nyembamba kama kijiti cha meno. Siku akikukabidhi patasi ile, wewe ni fundi. Kabla ya hapo unachonga vipofu.

Binti yake, mwanamke aliyepita miaka thelathini, alikwisha chonga ndege vipofu wa kujaza msitu. Patasi ile aliitaka kuliko alivyotaka mume, na wachumba waliokuja aliwaambia hivyo hivyo.

"Mkono wako mzito," baba yake alizoea kumwambia. "Ndege wako wana vitambi."

"Hawaoni wanachokula, Baba."

Mwaka ule walikuwa wakichonga ukuta wa mbao wa kutenga madhabahu ya kanisa lao. Macho ya mzee yalikuwa yameanza kuingia ukungu, naye akalaumu moshi wa Birmingham, ingawa madirisha niliyasafisha mwenyewe. Kisha mafua yakamlaza wiki nzima.

Siku aliyorudi, kasisi alikuja kutazama kazi. Mzee akamzungusha, akasimama mbele ya ndege mmoja.

"Huyu wangu. Tazama jicho, linakufuata. Jicho kama hili hujifunzi, unazaliwa nalo."

Binti akaanza kufagia mahali palipokwisha fagiliwa. Ndege yule nilimpiga msasa wiki ile ile mzee alipokuwa kitandani, na wakati huo ndege bado hakuwa na jicho.

Kasisi alipoondoka, mzee alirudi kwa yule ndege, akampapasa tumbo kwa kidole gumba. Akampapasa tena.

"Ana kitambi," akasema.

"Amekula," binti akajibu.

"Patasi iko wapi?"

Binti akaitoa mfukoni mwa aproni, akampa. Mzee akanigeukia.

"Wewe wa tembo, ulijua?"

"Mimi napiga msasa tu, mzee."

"Mwongo."

Akamwendea ndege aliyefuata, ambaye bado hakuwa na macho, akaweka ncha ya patasi mahali pa jicho. Ilikuwa saa sita mchana, taa ya karakana imezimwa, jua adimu la mji ule limejaa dirishani. Akapatafuta tena kwa kidole, kisha akaigeuza patasi na kumwelekezea binti mpini bila kumtazama.

"Mfungue huyu. Taa hii siiwezi."

"Na wale wengine, Baba?"

"Kwani kesho utabadilisha taa?"