Tausi Wekundu wa Overport

Wiki iliyopita, ndugu yangu, niliingia duka la vitu vya kale hapa Durban kukimbia mvua tu, nikakutana na kigae chenye tausi mwekundu. Karatasi pembeni ilisema ni cha Uingereza, kimechorwa kwa mkono, kina zaidi ya miaka mia. Sikuhitaji kusoma. Utotoni nilikuwa na tausi kumi na wawili kama yule.

Tulipotoka Bujumbura tulipanga chumba katika nyumba kuukuu ya mtaa wa Overport, hapahapa Durban. Zamani kilikuwa sebule ya wazungu, kwa hiyo kilikuwa na meko ya ukutani ya kuotea moto, yamezungushiwa vigae hivyo. Moto hatukuwasha, mama aliweka humo gunia la maharage na viatu vyetu. Jua la jioni likiingia, tausi waling'aa kama shaba. Nilikuwa nawakodolea macho mpaka ugali unapoa.

Mwenye nyumba, mjane wa Kiingereza, alimwajiri mama kusafisha nyumba nzima. Vigae mama alivifuta kwa kitambaa laini na maji matupu. "Usiguse, weye. Hiyo iko kazi yangu," aliniambia.

Jumamosi moja alipokwenda mazoezi ya kwaya, nikataka kumfurahisha. Kwa bibi yangu kule Bujumbura, sufuria tulizisugua kwa majivu na mchanga mpaka unajiona uso. Nikaomba majivu kwa jirani, mama mchoma mahindi, nikasugua kwa bidii zote za mjinga. Kumbe wekundu ule ulikuwa utando mwembamba tu juu ya kigae; ukatoka pamoja na mng'ao. Wakabaki ndege wa rangi ya chai ya maziwa.

Jumatatu mwenye nyumba akaja. Akapitisha kidole, akauliza nani amefanya hivi. Nilikuwa nimesimama palepale, mikono nyuma. Mama, aliyewahi kunichapa kwa uongo wa kijiko cha sukari, akajibu kwa Kiingereza chake cha kuokoteza kwamba ni yeye. Kazi ikaisha siku hiyohiyo. Jirani alipomshangaa, mama akasema, "Mtoto akinyea kiganja, hukikati." Akaenda kusuka nywele kwenye stendi ya teksi Isipingo, kusimama kutwa.

Nyumba ile imebomolewa, yamejengwa maghorofa. Mama naye hayupo. Aliishi miaka mingi baada ya Jumatatu ile, tukila sahani moja, na hakunikumbusha hata mara moja. Mimi nami, miaka yote hiyo, sikumwambia asante.