Verl Hadlock Hakupenda Kutembea

Kwetu Idaho, msimu wa kulungu ukifika, wanaume hugawanyika makundi mawili. Wa kwanza hubeba mashanta, hupanda mlima kabla hakujapambazuka mpaka kifua kiwake moto, na hurudi baada ya siku tatu wakinuka moshi, mara nyingi na hadithi nyingi kuliko nyama. Wa pili hushusha kioo cha gari, huenda polepole kwenye barabara ya msitu wakitazama mlimani, na jioni hula kwao mezani. Wa kwanza huwadharau wa pili. Verl Hadlock alikuwa wa pili, tena kinara wao.

Watu hupenda kuambiwa kwamba alikuwa na sababu ya siri, labda jeraha la vita au moyo mbovu. Hakuwa nayo. Hakupenda kutembea, basi. Alikuwa dereva wa greda la wilaya kwa miaka thelathini na mmoja, na barabara ya kijito cha Wixom, maili kumi na moja kutoka lami hadi juu kwenye zizi la kondoo, aliichonga yeye kila kiangazi. Aliniambia mara moja, "Rulon, mtu akishatengeneza barabara halafu akatembea porini, hiyo ni kuitukana kazi yake."

Mimi hununua na kuuza magari yaliyotumika. Nilianza na gari moja lisilo na breki nikiwa na miaka ishirini na mbili, na sikurithi hata spana. Kwa hiyo nikimwona mtu anayejua hesabu ya faida, namtambua, hata kama watu wengine wanamwita mvivu.

Shemeji yake Farrell, mdogo wa kiume wa LaRue, mke wa Verl, alikuwa wa kundi la mashanta. Kila Oktoba walikutana kwenye kituo cha mafuta, na sisi wengine tulichelewa kazini makusudi ili tusikilize.

"Shemeji, buti hizo ulinunua lini?"

"Sabini na mbili."

"Na soli bado inang'aa!"

"Buti ni za kuvaa, Farrell, si za kula."

"Wewe si mwindaji, bwana. Wewe ni dereva."

"Na wewe ni kibarua wangu. Ukishapanda kule juu na jasho lako na soksi zako za jana, kulungu wote wananusa, wanashuka barabarani kwangu. Miaka yote hii unanifukuzia wanyama na sijakulipa hata senti. Asante, shemeji."

Tulicheka, lakini mimi niliondoka nikiwaza. Maneno yale hayakuwa mzaha. Verl hakutoka nyumbani alfajiri. Alitoka saa nne asubuhi, wenye mashanta wakiwa wameshatawanyika mlimani, akaenda mwendo wa mtu anayesindikiza jeneza, na karibu kila mwaka alirudi na dume nyuma ya pikapu.

Tena hakuvunja sheria. Kuna wanaopiga risasi dirishani, na askari wa wanyamapori huwakamata. Bunduki ya Verl ilikaa tupu nyuma ya kiti, risasi tatu mfukoni mwa shati. Akimwona mnyama alizima injini, akashuka, akatoka kabisa barabarani, ndipo akajaza. Mlango wake hakuufunga kwa kitasa. Aliufunga kwa kamba ya katani, kwa sababu kitasa hulia na kamba haisemi.

Nimesema akimwona mnyama. Nasahihisha. Verl hakuwahi kumwona mnyama hata mmoja. Aliyekuwa na macho ni LaRue. Yeye alikaa dirisha la kulia, upande wa mlima, akimenya tufaha bila kulitazama, na ghafla angesema, "Kulia, juu ya jiwe jekundu, amelala." Verl angesimama na kutazama kwa darubini dakika nzima kabla hajaona sikio. Mjini watu walihesabu kulungu wa Verl. Verl mwenyewe, aliyemwita mkewe Mama, aliwaita kulungu wa Mama.

Sasa nije kwenye pikapu, maana mimi nilifika pale kwa ajili ya pikapu. Ilikuwa Ford ya mwaka sitini na sita, kijani na nyeupe, kiti kimoja kirefu cha watu watatu, bodi haina hata tundu la kutu. Nilianza kuiomba mwaka 1973. Kila mwaka nilipandisha bei kidogo, kila mwaka Verl alinipa chupa ya mapichi ya LaRue na kunifungulia geti nitoke. Mwishowe alichoka na mimi, akasema, "Rulon, sikiliza. Mwaka ambao mimi na Mama tutarudi mikono mitupu, njoo na kalamu yako. Kama hatuwezi tena kupata kulungu mmoja, hatuna la kufanya hapa. Janeen anatutaka mjini Boise, tutakwenda."

Janeen ni binti yao. Alikuwa ameshawatengea chumba cha chini kwake, na kapeti jipya.

Nilipeana naye mkono juu ya hilo. Kisha nikasubiri miaka. Mimi najua kusubiri.

Oktoba ya 1991 ilikuwa kavu. Ilipita Jumamosi ya kwanza, ya pili, ya tatu, na nyuma ya pikapu hakukuwa na kitu zaidi ya vumbi. Msimu ulifungwa Jumapili, lakini Jumapili Verl hakuwinda, alikwenda kanisani, kwa hiyo kwake ulifungwa Jumamosi. Ijumaa jioni alinipigia simu.

"Una nafasi kesho?"

"Ya nini, Ndugu Hadlock?"

"Njoo upande nasi. Tukirudi watupu, wewe ndiye utakayeiendesha kutoka hapa nyumbani kwangu. Usisahau kalamu."

Nilikuwa na mteja Salt Lake aliyekuwa tayari kuichukua Jumatatu. Nilitia kalamu mfukoni, mbili, moja ya akiba.

Mgeni hukaa katikati, magoti yamepanuka, fimbo ya gia katikati yake. Anayekaa dirishani ndiye hufungua mageti ya ng'ombe, na yako manne. Kwenye geti la kwanza LaRue alishuka, akatembea na mkono wake juu ya boneti ya gari, akaushusha kwenye nguzo, akapapasa mnyororo. Nikasema moyoni, mama amezeeka. Juu kidogo akatumiminia kakao kutoka kwenye themosi. Aliingiza kidole ndani ya kikombe, na kakao ilipogusa kidole akaacha kumimina.

Nimekagua magari maisha yangu yote. Najua kitu kinapofichwa. LaRue Hadlock alikuwa haoni.

Nilimtazama Verl. Alikuwa akitazama barabara yake.

"Simama, Baba," LaRue akasema. "Kulia, chini ya mti ulioanguka."

Verl akasimama, akazima injini, akainua darubini. Akatazama kwa heshima zote.

"Ni kisiki, Mama."

"Aa."

"Lakini kisiki kizuri."

Tukaendelea. Baada ya nusu saa alisimamisha tena, ikawa jiwe. Mara ya tatu ikawa kisiki kilekile, maana tulikuwa tumegeuza kule zizini na tunarudi kupitia kijia cha pembeni kinachokutana na barabara. Verl akasema, "Kisiki, Mama. Nadhani kinatufuata." LaRue akacheka, lakini mkono wake uliokuwa na kisu cha kumenyea ulitulia mapajani na haukumenya tena.

Ili nisikae kama mtu aliyekuja kuchukua mali ya mdaiwa, nilimuuliza alikuwa akiwaonaje wanyama miaka yote ile, maana mimi naona miti tu.

"Kwa sababu unatafuta kulungu, Rulon," akasema. "Usitafute kulungu. Mlimani kila kitu kimesimama. Miaspeni, ile miti ya magome meupe, imesimama, misonobari imesimama. Wewe tafuta mstari uliolala. Mgongo wa mnyama ndio pekee uliolala."

"Na miti iliyoanguka?"

"Hiyo haichezeshi sikio."

Saa kumi jua lilikuwa limeinama na miaspeni ilikuwa myeupe kama mifupa. Zilibaki maili mbili kufika lami. Nilikuwa nikipiga hesabu ya tairi mpya nitakazovisha pikapu ile, nilipoona mstari uliolala.

Ulikuwa katikati ya mashina, mita mia na ishirini hivi, juu kulia. Nikasubiri. Sikio likacheza.

Nataka nieleze vizuri, kwa sababu watu wakiisikia habari hii hunifanya mtu mwema. Mkataba ulikuwa wangu. Kunyamaza si kudanganya. Hata sheria ya biashara inakubali. Pikapu ingetambaa mwendo wa jeneza, mnyama angebaki pale, saa moja baadaye ningekuwa na kadi ya gari mkononi. Sikuwa nimewahi kuwa karibu namna ile na kitu nilichokitaka kwa miaka kumi na minane.

Goti langu la kulia lilikuwa limegusana na goti la LaRue. Nikalisukuma. Mara moja, kwa nguvu kidogo.

LaRue hakugeuka. "Simama, Baba," akasema.

Verl akazima injini. Akatazama kulia, kushoto, kulia tena, hana habari. Nikaona kidole cha LaRue kikipanda polepole kwenye dashibodi, kikiuliza, nami nikakielekeza kwa goti, juu kidogo, juu kidogo, basi. Verl akafuata kidole, akashika darubini, akatazama. Kisha akafungua kamba ya mlango.

Alishuka, akavuka mtaro, akakaa chini kwenye nyasi, viwiko juu ya magoti. Risasi ilikuwa moja.

Tulimburuta dume hatua mia na hamsini, mteremko wote. LaRue naye alishuka garini, akapiga magoti, akapitisha vidole kwenye pembe, ncha baada ya ncha.

"Nne huku, nne huku," akasema. "Nilidhani hivyo."

Alirudi garini kutuwekea kakao. Mimi na Verl tukapasua tumbo. Yeye alikuwa na damu mikononi hadi viwikoni, na alisema bila kuinua kichwa.

"Miaka ishirini na mitano Mama akimwona mnyama hutaja upande. Kulia. Kushoto. Hata kisiki alikitajia upande. Safari hii kasema simama tu."

Nikaendelea kushika mguu wa kulungu. Anayesema kwanza hupoteza.

"Kalamu unayo?" akauliza.

"Ninazo mbili."

"Sasa utazifanyia nini?"

"Kwani kulungu huyu ni kisiki, Ndugu Hadlock?"

Akafuta kisu kwenye nyasi. "Unataka nini, Rulon?"

Hapo tulifika mahali ninapopajua. "Paja moja la nyuma," nikasema. "Na mwakani nakaa palepale katikati."

"Paja la mbele."

"La nyuma. Nimeuza pikapu nzima kwa paja, na bado unanipunja?"

"Pikapu haikuwa yako, wee mwizi." Akacheka hadi akakohoa. "Haya. La nyuma. Lakini kiti cha katikati hufungua mageti."

"Tangu lini?"

"Tangu sasa."

Jioni ile tulipitia kituo cha mafuta. Farrell alikuwa pale, ametoka mlimani mtupu, malengelenge miguuni. Alitazama nyuma ya pikapu, akamtazama dada yake.

"Bado unayo macho, dada?"

"Ninayo ya kutosha," LaRue akasema. "Nenda kaloweke miguu."

Nilipanda nao misimu mitano zaidi, kila msimu kwa paja la nyuma. Nilinunua buti za mageti. Sikuwahi kukosa na hatukuwahi kurudi watupu, ingawa mwaka 1994 tulipata wa mwisho wa msimu jua likiwa limegusa mlima. Nilijifunza kuona mstari uliolala vizuri sana, hadi sasa siwezi kupita msitu wowote bila kuutafuta. Nakumbuka harufu ya hita ya pikapu ile, vumbi, kakao na maganda ya tufaha. Mteja wa Salt Lake alinunua gari jingine.

Verl alifariki Februari ya 1997, kitandani kwake, kama mtu asiyependa usumbufu. Mwezi wa nne LaRue alinipigia simu. Janeen alikuwa amekuja na lori la kuhamisha vyombo.

"Rulon, njoo na kalamu."

Nilimkuta jikoni, kadi ya gari mezani, mkono wake juu yake. Nikataja bei. Ilikuwa bei ya haki. Akatikisa kichwa.

"Hiyo ni ya sabini na tatu."

Nikapandisha. Akauliza kama nimehesabu bodi isiyo na kutu. Nikapandisha tena, nikamkumbusha kwamba mlango hufungwa kwa kamba. Akasema kamba ya Verl nimepewa bure. Tulivutana nusu saa, Janeen amesimama mlangoni mdomo wazi, hadi nikafika mahali ambapo sijawahi kufika kwa gari la umri ule.

"Dada Hadlock," nikasema, "hata goti langu halina thamani kidogo hapo?"

Akanyoosha mkono, akanitafuta mezani, akanipata kwenye kiwiko.

"Goti nimeshalilipa," akasema. "Mapaja sita ya nyuma. Toa bei ya pikapu."

Nikaitoa. Akasaini mahali nilipomwekea kidole.